Glakoma

Glakoma (pia: glaukoma, kwa lugha ya kawaida: presha ya macho) ni kundi la magonjwa yanayoharibu neva ya jicho, yaani mshipa wa fahamu unaopeleka habari za kuona kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo. Mara nyingi uharibifu huo huendana na shinikizo kubwa la majimaji ndani ya jicho, ingawa si lazima iwe hivyo. Uwezo wa kuona uliopotea kwa sababu ya glakoma haurudi kwa dawa, kwa leza, kwa upasuaji wala kwa miwani. Matibabu yaliyopo hulinda kile kilichobaki tu. Kwa sababu hiyo siku ambayo ugonjwa unagunduliwa ina uzito kuliko karibu jambo lingine lolote katika maisha ya mgonjwa wa glakoma.

Duniani kote mtoto wa jicho ndio ugonjwa unaopofusha watu wengi zaidi, lakini upofu wake unaweza kuondolewa kwa upasuaji. Kati ya visababishi vya upofu usioponyeka glakoma ndiyo inayoongoza. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yalihesabu watu milioni 64 hivi, wenye umri wa miaka 40 hadi 80, waliokuwa na ugonjwa huu mwaka 2013, na kutabiri kwamba kufikia mwaka 2040 watakuwa takriban milioni 112. Ukilinganisha mabara, Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi.

Jina

Neno linatokana na Kigiriki glaukos, linalotaja rangi iliyo kati ya buluu, kijani na kijivu. Waganga wa Ugiriki ya Kale walilitumia kwa macho ya wazee yaliyofifia na kupoteza nuru, bila kutofautisha glakoma na mtoto wa jicho. Mkanganyiko huo ulidumu kwa karne nyingi.

Jina la presha ya macho limezoeleka sana Afrika Mashariki, nalo linaeleweka kwa urahisi, lakini linapotosha kwa njia mbili. Kwanza, wengi hudhani ni tawi la shinikizo la damu, hivyo mtu ambaye presha yake ya damu ni nzuri hujiona salama, na mwingine hutegemea vidonge vya presha vimtibu na macho. Shinikizo la damu hupimwa mkononi na ni la damu iliyo ndani ya mishipa; shinikizo la jicho ni la majimaji yaliyo ndani ya jicho lenyewe, na hupimwa juu ya jicho. Pili, jina hilo linafanya ionekane kwamba kipimo cha shinikizo pekee kinatosha kumwambia mtu kama anaumwa au la. Hakitoshi, kama itakavyoelezwa hapo chini.

Jinsi ugonjwa unavyotokea

Sehemu ya mbele ya jicho, kati ya konea na lenzi, imejaa majimaji maangavu. Haya si machozi. Machozi huosha jicho kwa nje, bali majimaji haya hutengenezwa ndani, nyuma ya irisi (ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni). Kutoka hapo hupita katika tundu la mboni, huja mbele, kisha hutoka kupitia wavu mdogo ulio kwenye pembe ambapo irisi inakutana na konea, na hatimaye huingia katika mishipa ya damu. Kazi hiyo haikomi usiku wala mchana. Majimaji yakitengenezwa kwa kiasi kilekile kinachotoka, shinikizo hubaki palepale. Njia ya kutokea ikiwa nzito au ikiziba, shinikizo hupanda.

Kwa watu wengi shinikizo la jicho huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Likipanda na kubaki juu kwa muda mrefu, linabana mahali ambapo neva ya jicho inatoka nyuma ya jicho. Neva hiyo ina nyuzi zipatazo milioni moja. Nyuzi zinapokufa, shimo dogo lililo katikati ya kichwa cha neva linapanuka. Madaktari huliita kikombe, na hupima ukubwa wake wakilinganisha na kichwa kizima cha neva. Uzi uliokufa hauoti tena.

Hata hivyo macho hayafanani. Wako watu ambao shinikizo lao ni 26 na neva zao zinabaki nzima kwa miaka, na wako ambao shinikizo lao ni 16 na neva zinaharibika. Hali hii ya pili huitwa glakoma ya shinikizo la kawaida.

Aina

Glakoma ya pembe wazi ndiyo ya kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Pembe ya kutokea majimaji inaonekana wazi, lakini wavu wake haupitishi vizuri. Huja polepole, kwa kawaida katika macho yote mawili, ingawa jicho moja huweza kutangulia.

Glakoma ya pembe iliyofungwa hutokea pale irisi inaposogea mbele na kuziba njia. Inapatikana zaidi Asia ya Mashariki, lakini haikosekani Afrika. Ikifunga ghafla, jicho huuma vikali na kuwa jekundu, mtu huona ukungu na duara za rangi kuzunguka taa, kichwa huuma, na mara nyingi hutapika. Kwa sababu ya kutapika na kuumwa kichwa, mgonjwa huweza kutibiwa malaria au tumbo huku jicho likiharibika. Ni hali ya dharura. Jicho linaweza kupofuka katika muda mfupi.

Glakoma ya watoto huweza kuwapo tangu kuzaliwa. Mtoto huwa na macho makubwa kupita kawaida, konea yenye ukungu, machozi yanayotiririka, naye huogopa mwanga. Macho makubwa ya mtoto mchanga husifiwa kuwa ni uzuri, lakini yakiambatana na dalili hizo mtoto anahitaji daktari wa macho mara moja, kwa sababu tiba yake kuu ni upasuaji wa mapema.

Kuna pia glakoma inayotokana na sababu nyingine: jicho kupigwa na mpira, fimbo au ngumi, uvimbe ndani ya jicho, kisukari kilichoharibu mishipa ya retina, mtoto wa jicho aliyeachwa hadi lenzi ikavimba, na dawa za steroidi. Hizo za mwisho zinastahili maneno zaidi. Matone yenye deksamethasoni au steroidi nyingine hutuliza haraka muwasho wa macho, hasa mzio unaowasumbua watoto wengi. Mzazi akiona mtoto amepata nafuu, hununua chupa nyingine dukani bila cheti, kisha nyingine. Kwa baadhi ya watu dawa hiyo ikitumika kwa wiki au miezi hupandisha shinikizo la jicho bila maumivu yoyote, na kijana wa sekondari anaweza kufikishwa hospitali akiwa amepoteza sehemu kubwa ya kuona kwake. Dawa si mbaya yenyewe; inahitaji kutumiwa chini ya usimamizi wa mtu anayepima shinikizo la jicho.

Kwa nini mgonjwa hajui

Glakoma ya pembe wazi haiumi, haiwashi na haibadilishi sura ya jicho. Huanza kula upeo wa kuona wa pembeni, na kuacha katikati hadi mwisho. Mtu anayetazama mbele huendelea kusoma gazeti, kuhesabu fedha na kutambua nyuso. Tena sehemu iliyokufa haionekani kama giza au doa jeusi. Ubongo huijaza kwa kukisia kutoka kwa kile kilicho jirani, na jicho moja hufidia pengo la lingine. Ndiyo maana swali “Unaona vizuri?” halisaidii: mgonjwa atajibu ndiyo, naye hasemi uongo.

Hata ubao wa herufi uliotundikwa ukutani hautoshi. Herufi husomwa kwa sehemu ya katikati ya retina, na mgonjwa aliyebakiwa na tundu dogo la kuonea, kama anayechungulia kwenye bomba, anaweza kusoma mstari wa mwisho bila kosa.

Dalili zinazojitokeza huonekana kwanza katika mwenendo: kujikwaa kwenye kigoda kilichokuwa pale siku zote, kugonga bega kwenye mlango, kukosa ngazi wakati wa kushuka, kushtushwa na pikipiki iliyotokea pembeni. Watu wa nyumbani husema ni uzee. Kufikia hapo sehemu kubwa ya nyuzi za neva huwa imekwisha kufa.

Kosa jingine la kawaida ni kuchanganya glakoma na mtoto wa jicho. Kwa muda mrefu wazee waliambiwa wasubiri mtoto wa jicho akomae ndipo aondolewe. Siku hizi hata kwa mtoto wa jicho kusubiri huko hakuhitajiki, lakini anayesubiri aweza bado kupata nuru yake yote siku akifanyiwa upasuaji. Mwenye glakoma anayesubiri kwa imani hiyohiyo hana kitakachorudishwa.

Walio katika hatari zaidi

Hatari huongezeka kadiri umri unavyosonga, hasa baada ya miaka 40. Watu wenye asili ya Afrika hupata glakoma ya pembe wazi mara nyingi zaidi, huipata mapema zaidi, na hupofuka zaidi. Utafiti uliofanyika Baltimore, Marekani, ulionyesha kwamba Wamarekani weusi walikuwa na ugonjwa huu mara 4 hadi 5 zaidi kuliko weupe. Hilo haliwezi kuelezwa kwa umaskini wala kwa uhaba wa hospitali peke yake. Urithi una nafasi yake.

Nchini Tanzania, watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea walipimwa katika vijiji vya wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba takriban 4 kati ya kila 100 walikuwa na glakoma, wengi wao ya pembe wazi. Kwa maneno mengine, katika mkutano wa kijiji wenye watu wazima 100 wa umri huo, wanne wanapoteza macho yao polepole.

Mwenye mzazi, kaka au dada mwenye glakoma ana hatari kubwa mara kadhaa kuliko mtu mwingine. Kwa hiyo mgonjwa mmoja akigunduliwa, ndugu zake wa damu na watoto wake watu wazima wanapaswa kuambiwa wakapimwe. Familia nyingi hazifanyi hivyo, kwa aibu au kwa kutokujua, na hapa pengine ndipo upofu mwingi ungeweza kuzuiwa kwa gharama ndogo. Wengine walio hatarini ni wenye tatizo kubwa la kutoona mbali, wenye konea nyembamba, waliowahi kuumia jicho, na wanaotumia steroidi kwa muda mrefu.

Uchunguzi

Uchunguzi kamili una sehemu kadhaa. Mtaalamu huuliza habari za familia na dawa zinazotumika, hupima uwezo wa kuona kwa ubao wa herufi, kisha hupima shinikizo kwa tonometa. Aina nyingine ya chombo hiki hugusa konea baada ya jicho kutiwa dawa ya ganzi, nyingine hupuliza hewa. Pembe ya jicho hukaguliwa kwa lenzi maalumu yenye vioo. Neva hutazamwa kwa darubini yenye taa, mara nyingi baada ya kutia matone ya kupanua mboni. Matone hayo hufanya mtu aone ukungu kwa saa kadhaa, hivyo ni vizuri aje na mwenzake, wala asiendeshe gari au pikipiki kurudi nyumbani. Upeo wa kuona hupimwa kwa mashine inayowasha nukta za mwanga huku na huku, na mgonjwa hubonyeza kitufe kila anapoona moja. Hospitali kubwa zina pia mashine ya kupiga picha tabaka za retina na kupima unene wa nyuzi.

Kati ya hayo yote, kuiangalia neva ndiko kunakobeba uzito. Katika utafiti huohuo wa Baltimore takriban nusu ya waliokuwa na glakoma walikuwa na shinikizo la chini ya 22 walipopimwa mara ya kwanza. Shinikizo hubadilika pia kwa saa za siku. Anayepimwa shinikizo tu kwenye kambi ya siku moja na kuambiwa kuwa ni zuri amepata nusu ya jibu. Aulize kama neva yake imetazamwa.

Kwa mtu wa kawaida, uchunguzi wa kwanza unafaa ufanyike akifika miaka 40, kisha urudiwe kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu kadiri daktari atakavyoona. Mwenye ndugu mgonjwa aanze mapema. Umri huo wa miaka 40 ndio pia ambapo watu wengi huanza kusogeza gazeti mbali ili wasome, na kuhitaji miwani ya kusomea. Akienda kwa mtaalamu kupimiwa miwani hiyo, neva yake inaweza kutazamwa katika ziara hiyohiyo. Akinunua miwani sokoni au kwa machinga kwa kujaribu mpaka apate inayomfaa, maandishi yataonekana vizuri na nafasi imepita.

Wataalamu hawakubaliani kama inafaa serikali zipime watu wote. Nchi tajiri kadhaa zimeona ushahidi wa kupima umma wote hautoshi, kwa kuwa vipimo ni ghali na wengi watakaopimwa hawana ugonjwa. Lakini hoja hiyo inahusu kampeni za umma mzima. Kwa mtu mwenye hatari, yaani Mwafrika aliyevuka miaka 40 na hasa mwenye mgonjwa katika ukoo, faida ya kupimwa ni dhahiri.

Matibabu

Tiba zote zinazotumika leo hulenga jambo moja: kushusha shinikizo la jicho. Husaidia hata pale ambapo shinikizo halikuwa juu. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 uliwafuata watu wenye shinikizo kubwa ambao neva zao zilikuwa bado nzima. Katika miaka 5, asilimia 9.5 ya wasiotibiwa walipata glakoma, na asilimia 4.4 ya waliotumia matone.

Matone hutiwa kila siku, maisha yote. Timolo ni ya bei nafuu na inapatikana sana, lakini ni hatari kwa mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole, kwa hiyo daktari lazima aambiwe. Latanoprosti hutiwa mara moja tu kwa siku, jioni. Baada ya kutia tone, mgonjwa afumbe jicho na kubonyeza kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa isishuke puani na kuingia katika damu. Kama ana dawa mbili, angoje dakika tano kati ya moja na nyingine. Tatizo kubwa la matone si nguvu yake. Mgonjwa haumwi, dawa inagharimu fedha kila mwezi, wakati mwingine inawasha, na haileti nafuu yoyote inayoonekana. Wengi huacha.

Kwa sababu hiyo leza imepata umuhimu katika nchi zenye kipato kidogo. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, wagonjwa 201 wa glakoma ya pembe wazi yenye shinikizo kubwa waligawanywa kwa kura: baadhi walipewa timolo, wengine walipigwa leza kwenye wavu wa pembe ya jicho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja tiba ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, wengine wakiwa wamerudia mara ya pili, na kwa asilimia 31 ya macho yaliyotiwa timolo. Leza hii huchukua dakika chache na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo, lakini anapaswa kuendelea kupimwa, kwa kuwa nguvu yake hupungua na miaka.

Kwa glakoma ya pembe iliyofungwa, leza hutoboa tundu dogo kwenye irisi ili majimaji yapite. Jicho lingine hutobolewa pia kama kinga.

Upasuaji hufungua njia mpya ya majimaji kutoka chini ya ngozi nyembamba ya jicho. Unashusha shinikizo vizuri, nao unafaa hasa kwa anayeishi mbali na hospitali au asiyeweza kununua dawa kila mwezi. Ni muhimu aelezwe kabla kwamba hataona vizuri zaidi baada ya kupasuliwa. Aliyemwona jirani akitoka kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho na nuru mpya hutegemea hivyohivyo, na asipoelezwa husema ameharibiwa na kuwatia hofu wengine kijijini.

Bangi hushusha shinikizo la jicho kwa saa chache tu, kwa hiyo madaktari wa macho hawaishauri. Maji ya majani yanayotiwa jichoni hayatibu glakoma na yanaweza kuleta vidonda kwenye konea.

Historia ya tiba

Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alitangaza chombo cha kutazamia ndani ya jicho, na kwa mara ya kwanza madaktari waliweza kuona neva ya mtu aliye hai. Muda mfupi baadaye, katika miaka ya 1850, Albrecht von Graefe mjini Berlin alionyesha kwamba kukata kipande cha irisi huokoa jicho lenye shambulio la ghafla. Dawa za kwanza zilifuata katika miaka ya 1870. Moja yake, fisostigmini, ilitoka kwenye haragwe la Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria ya leo, ambalo wenyeji walilitumia kuwanywesha washtakiwa wa uchawi ili kujua kama wana hatia. Upasuaji unaotumika zaidi hadi leo ulielezwa na J. E. Cairns wa Uingereza mwaka 1968. Timolo ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970, na latanoprosti mwaka 1996.

Watu mashuhuri wenye glakoma

Mwimbaji Andrea Bocelli wa Italia alizaliwa na glakoma, akapofuka kabisa akiwa na miaka 12 baada ya ajali ya mpira. Bono wa kundi la U2 alieleza mwaka 2014 kwamba miwani yake ya rangi inahusiana na ugonjwa huu. Edgar Davids, kiungo wa Uholanzi aliyezaliwa Suriname, alifanyiwa upasuaji mwaka 1999 akiwa Juventus, naye aliendelea kucheza kwa miaka mingi akiwa amevaa miwani ya kinga, ambayo mashabiki wengi waliidhania kuwa ni pambo.